Kadi yenye nembo ya ndege si lazima ikufikishe Kigoma

Wengi wenye ndugu Marekani huwashauri: chukua kadi ya mkopo ya benki yenye nembo ya shirika la ndege, ndiyo inayoleta tiketi ya bure haraka. Kwa anayeanza, ushauri huo unafunga mikono. Maili zake, yaani pointi za kulipia tiketi, ni za shirika moja na washirika wake; viti vya tuzo, vile vinavyolipiwa kwa maili, vikiisha tarehe unayotaka, umekwama nazo.

Pointi za benki yenyewe, mfano Ultimate Rewards za benki ya Chase ya Marekani, hukaa hadi uamue zitumike wapi. Mwenye kadi ya Sapphire Preferred ya benki hiyo huzihamisha kwa mafungu ya 1,000, pointi moja kwa maili moja, kwenda shirika la ndege la United au Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM.

Kosa kubwa ni kuhamisha kwanza na kutafuta kiti baadaye. Pointi zikishahamishwa hazirudi. Kione kwanza kiti cha Dar es Salaam, tarehe na kodi zake, ndipo uhamishe. Kutoka Dar hadi Kigoma, iwe kwa Air Tanzania au treni ya reli ya kati, tenga shilingi.

Na deni la kadi lilipwe lote kila mwezi, tafadhali. Dola 1,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka hula dola 20 hivi kwa mwezi. Pointi 1,000 ulizopata, ukizigeuza fedha, ni dola 10.