Pasi "inakula umeme": inakula nini hasa?

"Pasi hii inakula umeme," tunasema, na wanafunzi wengi hulichukua neno hilo mpaka kwenye mtihani: mkondo unaingia kwenye balbu ukiwa mkubwa, unatoka umepungua. Sivyo. Weka ammita (kipima mkondo) kabla ya balbu, kisha ihamishie upande wa pili. Itasoma namba ileile. Balbu ya wati 60 kwenye volti 230 hupitisha takriban ampea 0.26, kuingia na kutoka.

Elektroni, chembe zinazobeba mkondo, haziliwi, wala hazikimbii kutoka bwawa la umeme la Kidatu hadi sebuleni kwako. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu wa hezi 50, kwa hiyo zinatikisika tu palepale ndani ya waya, mbele na nyuma, mara 50 kwa sekunde.

Kinacholiwa, tukilazimisha neno, ni nishati: inageuka joto na mwanga. Ndiyo hiyo unayonunua. Uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) ni kilowati-saa 1, yaani jouli 3,600,000. Balbu ile itaimaliza kwa saa kama 17. Pasi ya wati 1,000, kwa saa moja (ikijizimazima yenyewe, itachelewa kidogo).