Usiishie kwenye meno ya mbele

Wengi wanaokuja kuniona wameshajichunguza kwenye kioo. Wananionyesha jino moja la mbele lililopinda, au chonge lililoota juu ya mengine, na wanataka linyooke. Nawasikiliza, kisha nawaomba jambo moja: "Uma meno ya nyuma, kama unavyotafuna, halafu tulia hivyo hivyo." Hapo navuta shavu pembeni na kutazama magego. Mtu anaweza kuwa na meno yaliyonyooka kabisa yasiyokutana ipasavyo, na mwingine akawa na jino moja lililopinda kidogo huku anatafuna bila shida yoyote.

Gego ninalolitafuta kwanza ni lile linaloota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi. Linachomoza nyuma ya meno yote ya utotoni bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hudhani nalo litang'oka siku moja. Halitang'oka, ni la kudumu. Mwaka 1899, Mmarekani Edward Angle alilifanya gego hilo kuwa kipimo cha namna meno yanavyokutana, na mpaka leo tunautumia mgawanyo wake. Kwa kawaida, ncha ya mbele ya gego la juu, ile ya upande wa shavuni, hukaa ndani ya mfereji mdogo wa gego la chini. Ikikaa hapo lakini meno mengine yamesongamana, yamejigeuza au yameachana, hilo tunaliita daraja la kwanza. Gego la chini likiwa limebaki nyuma ya mahali pake ni daraja la pili, na mara nyingi meno ya juu ya mbele huwa yamechomoza. Likiwa limetangulia mbele ni daraja la tatu. Hapo huenda meno ya chini ya mbele yakakaa mbele ya yale ya juu.

Mgawanyo huu unasaidia, lakini haumalizi kazi. Unaeleza mbele na nyuma tu. Hausemi lolote kuhusu upana wa mataya wala kina cha kuumana. Tena hauonyeshi kama kasoro iko kwenye meno au kwenye mfupa wa taya wenyewe. Watu wawili wa daraja la pili wanaweza kuhitaji matibabu tofauti kabisa, kwa sababu mmoja taya lake la chini ni fupi na mwingine magego yake ya juu yamesogea mbele tu. Ndiyo maana tunapiga eksirei ya kichwa kutokea upande.

Kwa meno ya mbele, ni kawaida ya juu kutangulia mbele ya yale ya chini kwa milimita 2 hadi 3 mtu akiwa ameuma. Inapozidi hapo, hatari ya meno ya juu kuumia mtoto akianguka huongezeka, hasa kama midomo haiyafuniki. Kuna pia kuumana kwa kina: meno ya juu huyafunika ya chini kupita kiasi, na wakati mwingine ya chini hugonga fizi za kaakaa na kuziumiza. Kinyume chake ni uwazi, ambapo magego yamekutana lakini mbele pamebaki pengo, na mtu hawezi kukata chakula kwa meno ya mbele. Kwa mtoto anayenyonya kidole, uwazi huo mara nyingi hupungua wenyewe akiacha mapema, hasa kabla meno ya mbele ya kudumu hayajamaliza kuota. Kumkemea hakusaidii sana. Subira na kumtia moyo husaidia zaidi.

Kasoro ninayoona inawapita wazazi wengi iko pembeni. Meno ya juu yanapaswa kuyazidi ya chini kidogo pande zote, kama kifuniko kinavyozidi mdomo wa chombo. Taya la juu likiwa jembamba, magego ya juu hugonga ncha kwa ncha na yale ya chini. Mtoto hawezi kutafuna hivyo, basi husogeza taya la chini upande mmoja ili apate mahali pa kuuma. Namwambia afunge mdomo polepole sana. Mstari wa katikati wa meno ya juu na ule wa chini unakuwa sawa hadi meno yanapogusana mara ya kwanza. Kisha taya linateleza, tuseme kulia, na mistari inaachana. Akiwa amefunga kabisa, kidevu kimeelekea upande huo. Mzazi akishaonyeshwa mteleko huo haachi kuuona.

Mtoto huyo simwambii asubiri mpaka meno yote ya kudumu yaote. Mfupa wa kaakaa una vipande viwili vilivyounganishwa katikati, na katika utoto kiungo hicho bado kinaweza kupanuliwa kwa kifaa kinachoshikizwa kwenye magego. Baada ya balehe kiungo hukaza, na kwa mtu mzima huenda upasuaji ukahitajika. Napenda kumwona mtoto akiwa na miaka 7 hivi, hata kama mara nyingi jibu langu ni kwamba tuendelee kufuatilia tu.

Wako pia ninaowaambia wasitibiwe. Mwanya si ugonjwa, na msongamano mdogo usiozuia kupiga mswaki vizuri unaweza kuachwa kama mwenyewe hasumbuki nao.

Anayewekewa vyuma vya kunyoosha meno namweleza mapema kinachotokea ndani: jino linaposukumwa polepole, mfupa wa upande linakoelekea huyeyushwa na wa upande linakotoka hujengwa upya. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na kuongeza nguvu hakuiharakishi, bali kunaweza kudhuru mzizi. Vyuma vikitolewa, nyuzi zinazoshikilia jino bado huvuta kulirudisha lilikotoka. Kwa hiyo siku hiyo hiyo tunachukua kipimo cha riteina, yaani kifaa cha kuyazuia meno yasirudi yalikotoka, na mgonjwa anaivaa kama nilivyomwelekeza, kwa wengi ikiwa ni kila usiku kwa miaka.