Walichoandika na Walichokificha: Kusoma Shajara na Barua za Walowezi wa Marekani

Tarehe 9 Aprili 1853, Amelia Stewart Knight aliondoka nyumbani kwake Iowa pamoja na mumewe Joel na watoto wao saba, wakashika njia ya Oregon, magharibi mwa Marekani, kwa magari ya kukokotwa na maksai. Siku hiyo aliandika maneno machache mno katika shajara yake. Waliondoka yapata saa tano asubuhi, wakaenda maili 8, wakalala kwenye nyumba kuukuu, na usiku ulikuwa wa baridi yenye sakitu. Kuhusu kuagana na majirani ambao huenda asingewaona tena maishani, hakuandika lolote.

Shajara nzima iko hivyo kwa zaidi ya miezi mitano: mvua, matope, vumbi, maji yapo au hayapo, ng'ombe kafa, mto umevukwa. Tarehe 8 Agosti anaeleza kwamba walipokuwa wakihama kutoka mtoni walimsahau binti yao Lucy. Walikwishakwenda maili kadhaa bila mtu yeyote kugundua, mpaka msafara mwingine uliokuwa nyuma yao ulipofika na mtoto huyo, akiwa amejaa hofu. Habari hiyo imechukua mistari michache tu, kisha anarudi kwenye habari za mifugo na maji.

Mara kadhaa anaandika kwamba anaumwa, ila hasemi anaumwa nini. Jibu linakuja mwishoni kabisa, mwezi Septemba, anapotaja kwa sentensi moja kwamba mtoto wake wa nane amezaliwa. Basi safari ile yote, kutembea, kupika juu ya moto wa porini, kufua, kuvuka mito, aliifanya akiwa mja mzito. Baada ya kujifungua, familia ilitumia siku tatu kuuvuka mto Columbia kwa mitumbwi na mashua, na mumewe akabadilisha jozi mbili za maksai kwa ardhi yenye kibanda cha magogo kisicho na madirisha na nusu ekari ya viazi.

Nimeanza na Amelia kwa sababu watu wanaokuja kusoma hati za aina hii hutarajia masimulizi, wakikuta orodha ya hali ya hewa huona mwandishi hakuwa na la kusema. Mimi naona kinyume chake. Zipo kumbukumbu zaidi ya 2,000 zinazojulikana za watu waliovuka bara lile kwa magari ya maksai katika karne ya 19, na thamani ya nyingi kati ya hizo iko hapo hapo kwenye ukavu wake. Mwenye shajara hakuwa akimshawishi mtu. Alihitaji kujua amekwenda umbali gani, nyasi zimebaki wapi, na leo ni tarehe ngapi. Na mwanamke wa enzi ile hakuandika habari za mimba yake hata kwenye daftari lake mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa aibu kuitaja. Ukimya huo nao ni ushahidi wa jinsi alivyolelewa.

Barua ni jambo jingine. Barua ina mtu upande wa pili, na mwandishi anamjua. Ndiyo maana swali la kwanza tunalowafundisha wasomaji kuuliza ni hili: inaandikwa kwa nani, na huyo anatakiwa aamini nini?

Tuchukue barua za familia ya Oblinger. Mwaka 1872 Uriah Oblinger alitoka Indiana kwenda Nebraska kutafuta ardhi, akamwacha nyuma mkewe Mattie na binti yao mdogo, Ella. Kilichomvuta ni sheria iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, iliyompa mtu ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, mradi aishi juu yake na kuilima kwa miaka mitano. Uriah alichagua eneo lake katika wilaya ya Fillmore, akaanza kuandika nyumbani. Anaisifu ardhi hiyo, tambarare, isiyo na msitu wa kufyeka. Anamkumbuka mkewe na mwanawe. Ukizisoma barua hizo mfululizo unamwona mwanamume anayejaribu kumtuliza mkewe na kujituliza mwenyewe kwa wakati mmoja. Katikati ya Aprili 1873, wiki ya Pasaka, dhoruba kali ya theluji iliipiga Nebraska kwa siku tatu hivi, ikaua mifugo mingi na watu pia. Mattie alikuwa bado hajafika.

Alifika majira ya kuchipua ya mwaka huohuo. Barua yake ya Juni kwa ndugu zake naipenda kuliko zote. Anatangaza kwa furaha kwamba sasa yuko nyumbani, katika nyumba yake mwenyewe, tena ya udongo. Ilikuwa ni nyumba ya mapande ya ardhi iliyokatwa kwa jembe pamoja na mizizi ya nyasi, kisha yakapangwa kama matofali, kwa sababu miti ya kujengea ilikuwa adimu kwenye nyika zile. Nyumba za namna hiyo zilikuwa na joto wakati wa baridi na ubaridi wakati wa kiangazi, lakini mvua ikinyesha sana paa lilivuja matope, na nyoka na panya walipata maficho ukutani.

Je, Mattie alikuwa akijikaza mbele ya ndugu zake? Huenda, ila nadhani furaha yake ilikuwa ya kweli. Kulima shamba la mtu mwingine na kulima lako ni vitu viwili tofauti, na hilo halihitaji kuelezwa kwa yeyote aliyewahi kupanga. Mwaka uliofuata, 1874, nzige walishuka Nebraska na Kansas wakala mahindi mpaka mashina, na hata mipini ya majembe iliyokolea jasho waliitafuna. Tarehe 27 Februari 1880, Mattie alifariki akijifungua. Uriah ndiye aliyelazimika kuwaandikia jamaa za Mattie huko Indiana.

Tamaa ya kuonekana vizuri mbele ya walioachwa nyumbani haikuishia kwenye barua. Mpiga picha Solomon Butcher alianza mwaka 1886 kuzipiga picha familia za wilaya ya Custer, Nebraska, mbele ya nyumba zao za udongo. Mama mmoja hakutaka nyumba yake ionekane pichani. Kinanda kilitolewa nje, kikawekwa uwanjani, na familia ikapigwa picha imekizunguka, ili jamaa wa mashariki waone kinanda na wasione kuta za udongo.

Kwa hiyo barua peke yake haitoshi, na hapa ndipo hati kavu za ofisi ya ardhi zinapokuwa na kazi. Elinore Pruitt Stewart aliwahi kuwa mfuaji na mtumishi wa nyumbani huko Denver. Mwaka 1909 alikwenda Burntfork, Wyoming, akaanza kumwandikia mwajiri wake wa zamani barua zenye ucheshi na matumaini, ambazo zilichapwa kama kitabu mwaka 1914. Aliwahimiza wanawake maskini wa mjini wachukue ardhi yao wenyewe, kwani sheria ilimruhusu mwanamke asiye na mume kufanya hivyo. Kumbukumbu za ardhi na ndoa zinaongeza jambo. Aliolewa na Clyde Stewart, mwenye shamba aliyemwajiri kama mtunza nyumba, siku chache tu baada ya kuandikisha ekari zake, na kwenye barua alilinyamazia jambo hilo kwa muda mrefu. Mwaka 1912 aliiachia ardhi ile, ikaenda kwa mama mkwe wake. Simwiti mwongo. Kazi aliyoifanya ni ya kweli, ugumu ni wa kweli. Lakini anayetaka kujua mwanamke wa peke yake aliwezaje kumiliki shamba asiishie kwenye barua zake.

Kuna waliokosekana pia. Ardhi ya Fillmore ilikuwa ya Wapawnee, wenyeji wa asili wa huko, walioitoa kwa mkataba wa mwaka 1833, na kufikia katikati ya miaka ya 1870, wakati Mattie akipanda mboga zake, waliobaki Nebraska walikuwa wakihamishiwa eneo ambalo leo ni Oklahoma. Habari zao zimo zaidi katika mikataba na taarifa za maofisa, nazo zinapaswa kusomwa sambamba na barua za walowezi. Watu weusi waliotoka utumwani nao waliandika. Mwaka 1879, wengi wa majimbo ya kusini walimwandikia gavana wa Kansas, John St. John, wakiuliza kama kweli kuna ardhi na watafikaje. Herufi nyingine zinayumba, kwa kuwa enzi za utumwa majimbo mengi ya kusini yalikuwa yamepiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma.

Barua za akina Oblinger ziko wazi kwa umma kwenye mtandao, pamoja na picha za Butcher. Anza na zile za mwaka 1872, uzifuate kwa tarehe bila kuruka. Usizipite kurasa zinazotaja bei ya mahindi na deni la jembe, kwani humo ndimo utakapoona mapema, kabla Uriah hajathubutu kumwambia mtu, kwamba mambo yanamwendea vibaya.