Seli ikipigwa umeme mkali, hujiziba vipi?

Tia tone la mawese kwenye bakuli la maji, ulikate kwa ncha ya kijiko. Vipande vikigusana tena vinaungana, na palipokatwa hapaonekani. Anayepika Kigoma ameliona hilo mara nyingi. Utando wa seli nao umejengwa hasa kwa mafuta, ila ni mwembamba ajabu: takriban nanomita 5. Panga tando 20,000 ndipo ufikie unene wa karatasi ya daftari.

Kambare wa umeme wa Ziwa Tanganyika humtetemesha mvuvi mkono mzima, lakini umeme wake husambaa majini. Maabara hubana umeme wa mashine kati ya vipande vya chuma vilivyoachana milimita chache, seli zikiwa katikati, hadi kama volti 1,000 kwa kila sentimita, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Molekuli za mafuta ya utando huyumba, maji hupenya katikati yake, na vitundu hufunguka.

Umeme ukikatika, ni nani anaviziba? Kwanza, maji yenyewe. Kila molekuli ya utando ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakwepa, kwa hiyo vitundu vingi vidogo hujifunga chini ya sekunde moja. Hata hivyo utando huendelea kuvuja kwa dakika kadhaa, na hapo joto ndilo linaloamua. Umewahi kuinamisha chupa ya mawese asubuhi ya baridi, yakagoma kutoka? Seli zilizowekwa kwenye barafu hukaa wazi muda mrefu zaidi kuliko zilizo kwenye nyuzi 37.

Jeraha kubwa haliponi kwa mafuta kujipanga tu. Kalsiamu ya nje inapoingia, seli huishika kama taarifa ya hatari: vifuko vya ndani hukimbilia ukingoni na kuungana na utando, na sehemu iliyoharibika humenywa na kutupwa nje. Kazi hiyo inakula nishati, na nishati hiyo hiyo inavuja. Ndiyo maana seli nyingine hufa hata baada ya kuzibika.

Mwaka 1982 mwanasayansi Eberhard Neumann na wenzake walitumia mwanya huu kuingiza jeni katika seli za panya. Leo madaktari hupitishia hapo bleomisini, dawa ya saratani ambayo kwa kawaida hupenya seli kwa shida sana. Uvimbe hupigwa mipigo michache, dawa inaingia, kisha utando unajifunga nyuma yake.