Je, wajua? Kwa nini kijiji hiki cha Poland kina msikiti wa mbao?

Ukitoka mji wa Białystok kuelekea mashariki, mwendo wa kilomita 50 hivi, utafika Kruszyniany kabla ya kugonga mpaka wa Belarusi. Ni kijiji cha nyumba za mbao zilizojipanga kando ya barabara ndefu, na chini ya miti kuna msikiti wa kijani wenye minara miwili. Usipoziona hilali zake juu utadhani ni kanisa, maana umejengwa kwa mtindo wa makanisa ya mbao ya eneo lile.

Waislamu walifikaje huko? Chanzo ni malimbikizo ya mishahara.

Tangu karne ya 14 Watatari, jamii ya Waislamu waliotoka nyika za mashariki, walikuwa askari wapanda farasi wa watawala wa Lithuania, nchi iliyokuja kuungana na Poland. Karne ya 17 hazina ilikauka, mishahara ikalala, na haki zao nazo zikaanza kubanwa. Mwaka 1672 baadhi ya vikosi viliasi na kuhamia kwa Waturuki. Hasara hiyo Jan Sobieski aliijua vizuri, kwani alikuwa mkuu wa majeshi kabla ya kuwa mfalme. Fedha hakuwa nazo, lakini ardhi alikuwa nayo. Mwaka 1679 akawalipa kwa mashamba: Kruszyniany akapewa ofisa Samuel Murza Krzeczowski na watu wake, wengine wakapewa kijiji cha Bohoniki.

Ndani ya msikiti ni mbao tupu, na ukutani zimetundikwa aya za Kurani kwenye fremu. Wanawake wana chumba chao. Ukuta unaowatenga una uwazi wenye pazia jepesi, sauti ya imamu iwafikie. Nyuma ya msikiti, kilimani, yapo makaburi. Jiwe la zamani zaidi linalosomeka ni la 1699. Familia za Kitatari zilizobaki kijijini ni chache, ila makaburi hayo yanatumika hadi leo.

Kinachonigusa zaidi ni hiki. Watatari hao walipoteza lugha yao, wakawa wanazungumza Kibelarusi na Kipolandi, lakini waliziandika lugha hizo kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili. Walinakili mafundisho ya dini kwa mkono, kizazi hadi kizazi, na daftari hizo waliziita kitab.