Wimbi likivunjika, mchanga huenda wapi?

Ukisimama ufukweni Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, wakati wa kusi, yaani upepo wa msimu utokao kusini, utaona maji ya nje ni ya buluu, lakini pale mawimbi yanapovunjikia yana rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni mchanga uliong'olewa chini.

Wimbi huanza kugusa sakafu ya bahari kina kinapopungua hadi nusu ya urefu wake, yaani nusu ya umbali wa kutoka mgongo mmoja hadi unaofuata. Mawimbi yanayofuatana kila sekunde 6 yana urefu wa mita 56 hivi, kwa hiyo hugusa chini kuanzia mita 28. Huko maji huenda na kurudi, yakichora vimatuta vidogo mchangani. Chembe husogea kidogo, kisha hurudi karibu na zilipokuwa.

Penye kuvunjika ni habari nyingine. Wimbi lenye kimo cha mita 1 huvunjika kwenye kina cha mita 1.3 hivi. Sakafu ikiinama taratibu, povu humwagika kutoka juu na msukosuko mwingi hubaki juu. Ikiinama ghafla, wimbi hujikunja na kuangusha maji kwa kishindo hadi chini, na mchanga hutimka. Chembe ya milimita 0.2 huzama sentimita 2 hivi kwa sekunde. Ikirushwa nusu mita, huchukua kama sekunde 25 kutua. Kabla haijatua, mawimbi mengine 4 yameshafika. Ndiyo maana mkondo dhaifu, ambao peke yake usingeweza kung'oa mchanga, huubeba mbali.

Sehemu ya mchanga hurudishwa nje na mkondo wa chini na kujenga fungu, yaani tuta la mchanga chini ya maji. Nyingine husafiri sambamba na pwani, kwa sababu mawimbi huja kwa mshazari: kusi huupeleka kaskazini, kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, huurudisha kusini. Kusi ni kali zaidi, hivyo hesabu ya mwaka huelemea kaskazini.

Kizuizi cha mawe kinachoingia baharini hukatiza safari hiyo: upande mmoja hujaa, jirani wa upande wa pili hulika. Ukuta nao hurudisha wimbi, na maji yanayogongana mguuni pake huchimba. Msingi mfupi hubaki unaning'inia, kifusi cha nyuma huvuja, ukuta huangukia baharini. Hatari kubwa ni bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, ikikutana na kusi: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mawimbi huvunjika ukutani kabisa badala ya kuishia mbali. Na kuchimba mchanga kwenye mito kama Tegeta na Mbezi ni kuinyima pwani hiyo hiyo akiba yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli za kudumu zikae mita 60 kutoka ufukweni. Tunasihi nafasi hiyo iachwe kweli.

Kabla ya kujenga chochote, pima. Chagua alama isiyohama, kisha kila mwezi, maji ya bamvua yakipwa, pima umbali hadi ukingo wa majani na kina cha mchanga kwenye nguzo ulizosimika, zilezile kila mara. Tupa chungwa penye povu, hesabu sekunde linazochukua kusogea mita 10 kando ya pwani, na uandike limeelekea wapi. Rudia kwenye kusi na kwenye kaskazi: kipimo cha msimu mmoja kitakuonyesha nusu tu ya safari.