P si breki

Malalamiko tunayopokea hapa Tanga kuhusu magari yaliyoondoka yenyewe baada ya kuegeshwa yanafanana. Dereva aliweka P (gia ya kuegeshea kwenye gari la otomatiki), akazima, akashuka. Ukimuuliza breki ya mkono, jibu ni lile lile: "Gari ni otomatiki, afande."

Tuelewane. P haishiki tairi. Ndani ya gia boksi kuna kijino cha chuma kinachojipachika kwenye gia na kuizuia shafti inayoendesha magurudumu isizunguke. Hicho ndicho mnachokitwisha gari zima mlimani. Ukitoa P ukasikia "kah!", ujue uzito wote ulikuwa umelalia hapo. Gari jingine likiligonga lako, kinaweza kukatika.

Kanyaga breki, weka N (gia huru), vuta breki ya mkono, kisha achia mguu polepole gari litulie. Ndipo uweke P na kuzima. Kwa gia za mkono, acha gia ya kwanza ukiwa umeelekea juu, rivasi ukiwa umeelekea chini.

Wapo wanaosema breki ya mkono huganda. Ni kweli, hewa ya chumvi ya Raskazone, kule ufukweni, hula waya. Basi mpelekee fundi! Breki isiyotumika miezi ndiyo inayoganda zaidi.

Wanaopanda Lushoto kupitia Soni wakumbuke na usukani. Ukitazama chini, kata kushoto. Ukitazama juu, kata kulia penye ukingo wa barabara ulioinuka, kushoto pasipo ukingo huo, ili likiserereka lizuiwe na ukingo au litoke barabarani. Kama kushoto ni korongo, usiegeshe hapo kabisa.

Kuhusu adhabu: faini ya papo kwa papo hutozwa kwa kila kosa. Kuegesha vibaya ni kosa moja, breki mbovu ni jingine, na huhesabiwa mbalimbali. Hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si mkononi mwa askari. Gari likiserereka na kugonga, lisiondolewe kabla mchoro wa eneo haujachorwa, isipokuwa kuokoa majeruhi. Baadaye mkaguzi atalipima, na bima watataka taarifa hiyo. "Sikuwamo ndani" si utetezi.

Wenye malori yaliyoharibika kilimani, kuwekea tairi mawe ni sawa, na pembetatu za tahadhari ziwekwe mbele na nyuma. Ila mkiondoka, mawe hayo myatoe barabarani. Tumeshasema sana.